Mtoto wa Kuazima

Makambako, 4 Mei

Nikisema, Jofrey ananijibu. Nikiandika, hawezi. Ndiyo maana naandika.

Leo baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa shule. Upepo ulikuwa unapeperusha kofia na maneno pamoja. Mzee Ebeneza, mwenyekiti wetu wa mtaa, alisimama na koti lake refu akatangaza ruzuku ya malezi. Serikali italipia kituo cha kulelea watoto mchana, na kutoa hela ya chakula kila mwezi, kwa kila nyumba yenye watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka mitano, ili mama apate kwenda kazini. Wanawake walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga, kabla sijakumbuka kwamba ninao wawili tu.

Denis na Romani ni pacha, walitimiza miaka miwili mwezi wa pili. Msimu wa parachichi umeanza na kiwanda cha kufungasha kimeniita tena kwenye meza ya kuchambua. Nikiwa kazini wanangu wanakaa kwa jirani, Mama Getruda, mwanamke mwema lakini anasinzia juani kama paka. Juzi nilimkuta Romani ana kinyesi cha kuku mdomoni. Nilimtoa kwa kidole, nikanawa, nikanawa tena, na mpaka sasa naisikia harufu.

7 Mei

Baridi imeingia. Jofrey amesema, "Wawili hawatoshi." Nikamwambia sitazaa kwa sababu ya mkutano wa mtaa. Akacheka. Kicheko cha mtu ambaye ameshapanga jambo lake.

11 Mei

Jofrey aliondoka alfajiri akisema anakwenda kwao Kifanya, jioni akarudi ameshika mkono wa mtoto wa kike.

"Huyu ni Brightness," akasema. "Mtoto wa marehemu kaka."

"Kaka yako alikufa hajaoa wala hana mtoto. Nililia kwenye huo msiba."

"Hukumjua vizuri."

Mtoto ana kama miaka mitatu. Amenyolewa vibaya, mapunye yameota kichwani mviringo mviringo, makamasi yamekauka mpaka kidevuni, na sweta lake linanuka mkojo wa zamani. Aliniambia, "Shikamoo mama," bila kusukumwa, akaenda kukaa ukutani bila kuelekezwa.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia: nilisikia kinyaa. Nilimpa uji katika kikombe cha plastiki chenye ufa, nikakiweka mbali na vikombe vya wanangu.

12 Mei

Amekojoa kitandani. Godoro ni moja. Wameamka wote watatu wameloa.

16 Mei

Nilipotoka kazini nilimwogesha vizuri kwa mara ya kwanza, nikampaka dawa ya mapunye. Denis na Romani wakiogeshwa mtaa mzima unajua. Huyu aliinua mikono juu mwenyewe nimvue sweta, akafumba macho, akasubiri. Nikamgeuza, akageuka. Nikamwinua mguu, akauacha mkononi mwangu kama vile si wake.

Mtoto wa miaka mitatu hapaswi kuwa mtulivu namna ile mikononi mwa mtu asiyemjua. Nimehamishia kikombe chake pamoja na vingine.

21 Mei

Leo walikuja kuhakiki.

Jofrey alinikataza kwenda kazini. Aliwapanga watoto kwenye mkeka nje, watatu, wamevaa soksi. Mzee Ebeneza alifika na mhakiki wa mradi, kijana anaitwa Gideoni, viatu vinang'aa, leso imebanwa puani kwa sababu upepo ulikuwa unaleta harufu ya choo cha jirani. Hakutaka kukaa. Kiti nilichomfutia kwa kanga yangu alikitazama, akasimama tu.

"Hawa wote ni wako, mama?"

Jofrey akajibu, "Wote wetu, kiongozi."

Gideoni akainama kidogo, kama mtu anayechungulia kisima. "Huyu mkubwa anaitwa nani? Ee, binti, unaitwa nani?"

Brightness aliniangalia mimi. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, ya mtoto anayeuliza kama aweke sahani mezani au chini.

"Mama, leo naitwa nani?"

Kuku waliendelea kuparua. Lori lilipiga honi kule barabara kuu. Leo naitwa nani! Kwa hiyo kuna jana, kuna juzi, na kuna nyumba nyingine zenye mkeka kama huu.

Mzee Ebeneza akacheka kwanza. "Watoto bwana! Huyu anapenda utani, kamrithi babu yake." Jofrey akacheka. Gideoni alimtazama mwenyekiti, akamtazama mtoto, na niliona kwa macho yangu mawili kwamba ameelewa. Halafu na yeye akacheka, akaweka alama yake, akauliza njia ya kwenda nyumba inayofuata.

Na mimi nilicheka. Wanaume watatu walikuwa wananiangalia, nikacheka. Brightness alipoona tunacheka wote akatabasamu, akidhani amefanya vizuri.

22 Mei

Sikula jana. Leo nimekula kidogo, nikatapika.

30 Mei

Ruzuku imetoka. Denis na Romani wameanza kituo. Sina cha kukisema vibaya kituo chenyewe: kuna mkeka wa joto, uji una karanga, walezi wawili wanawaimbia. Denis hakulia hata kidogo niliposhuka ngazi. Wiki zote hizi nimekuwa nikifanya kazi moyo uko kwa Mama Getruda, leo nilichambua parachichi nikajikuta naimba. Nimeona raha ile na papo hapo nikaionea kinyaa, kwa sababu niliporudi nyumbani Brightness hakuwepo.

"Kaenda wapi?"

"Kule karibu na reli," Jofrey akasema, anakoroga pombe ya ulanzi kwenye kopo. "Kuna nyumba wana wawili kama sisi. Wanahakikiwa wiki ijayo."

"Unamwazimisha mtoto?"

"Siyo mimi, ni mwenyekiti ndiye anapanga. Kila nyumba inamtolea kidogo, mambo yanakwenda. Acha kukuza, Mama Denis. Anahesabiwa tu. Hapungui."

Hapungui. Nimeolewa na mtu huyu kanisani, nimevaa gauni.

9 Juni

Godoro limekauka siku zote hizi. Ninalala vizuri na sipendi kwamba ninalala vizuri.

17 Juni

Amerudishwa. Kuna uhakiki wa marudio, eti wakubwa wa mradi wamesikia maneno. Mzee Ebeneza mwenyewe ndiye aliyemleta, akamwacha mlangoni kama mtu anayerudisha jembe, akaondoka anasafisha mikono kwenye koti.

Ana kikohozi. Mguu wa kulia umefungwa kitambaa cha jikoni. Nilipokigusa akafumba macho na kusubiri, kama siku ile ya kuoga.

Kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Nilikilowesha maji ya uvuguvugu muda mrefu. Harufu iliyotoka ilimfanya Jofrey atoke nje. Ni moto: ameungua kuanzia kifundo mpaka karibu na vidole, na kidonda kimepakwa kitu, nadhani dawa ya meno na majivu. Usaha chini yake.

"Nani kakuunguza?"

"Jiko," akasema. "Nililala."

"Hawakukupeleka hospitali?"

Akafikiri. "Walisema nitachelewa."

18 Juni

Nimekosa kazini bila ruhusa, nikampeleka zahanati. Nesi alipofungua kidonda akaniangalia mimi, siyo mtoto.

"Wewe ni mama wa namna gani? Mtoto anaoza mguu na wewe umevaa hereni?"

Nilitaka kusema si wangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikaona Brightness ananisikiliza, anasubiri kujua safari hii ni wa nani. Nikasema, "Nisamehe, nesi. Nimechelewa." Akaendelea kunisema mbele ya wagonjwa wote mpaka alipomaliza kufunga bandeji. Kila neno lilikuwa la haki, ila lilikuwa linampiga mtu mmoja tu kati ya wengi.

Jioni Jofrey ameuliza kama bandeji inaweza kufichwa na soksi siku ya uhakiki.

21 Juni

Nilikuwa namenya viazi, yeye amekaa karibu yangu ananipa kimoja kimoja.

"Brightness, mama yako yuko wapi?"

"Yupi?"

Kisu kikanikata kidole. Nikanyonya damu, nikauliza tena polepole. "Mama wa kwanza. Kabla ya hawa wote."

"Anapanda miti," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kuliko ile, "Anajua kunibeba."

22 Juni

Jofrey alikwenda kwenye ulanzi baada ya ibada. Nikawaacha pacha kwa Mama Getruda, nikambeba Brightness mgongoni kwa sababu mguu haukanyagi, tukapanda basi la Njombe, tukapata jingine mpaka Kifanya, alikosema Jofrey kwamba alimtoa.

Kupanda miti ni kazi ya nusu ya Kifanya, lakini mwanamke mwenye mtoto anayeitwa Brightness "aliyechukuliwa na serikali" walimjua mara moja. Walinielekeza kwenye kitalu cha miche ya misonobari bondeni. Alikuwa peke yake anamwagilia, Jumapili, shati la kiume, magoti yana matope.

"Kamwene," nikasalimia kwa Kibena changu kibovu. Mimi ni Mpangwa wa Mlangali, salamu hii nimejifunzia kwa mume.

Yeye alikuwa ameona miguu inayoning'inia kiunoni mwangu, mmoja umefungwa bandeji. Akaweka ndoo chini. Akaja, akamtoa mgongoni mwangu, akamweka mtoto chini taratibu juu ya majani, kisha akanipiga kofi ambalo lilinitoa machozi.

Sikulirudisha.

Anaitwa Rebeka. Tulikaa pembeni ya miche na yeye akimshikilia mtoto kama atapeperushwa. Mzee Ebeneza ni baba yake mdogo. Mwezi wa nne alimfuata kwa gari, akamwambia serikali imefungua nyumba ya malezi Makambako, watoto wanalala humo humo, wanakunywa maziwa, wanafundishwa kusoma, na yeye kama mwenyekiti amempigania nafasi moja.

"Nilimshukuru kwa gunia la viazi," Rebeka akasema. "Nilibeba mwenyewe mpaka barabarani. Kila wiki ananipigia simu, ananiambia kanenepa." Akaangalia kifundo cha mkono wa mtoto, akakizungusha kwa vidole viwili, vidole vikapishana. "Kwako alikula nini?"

"Uji. Ugali na maharage. Nilimpenda nikiwa nimechelewa, Rebeka. Na siku ya uhakiki nilicheka."

Nilimweleza yote, na ile "leo naitwa nani." Nilidhani atanipiga tena, na kofi la pili lingenifaa. Lakini aliinama tu, akamnong'oneza mtoto jina lake sikioni, tena na tena, mpaka Brightness akasema, "Nimesikia, mama," na kusukuma uso wake kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anamkatalia mtu kitu.

23 Juni

Tulilala Kifanya, asubuhi tukashuka Njombe wote watatu, mpaka ofisi ya mradi. Tulikaa kwenye benchi nusu ya siku. Mlinzi alituuliza mara nyingi kama hatuna mwenyeji. Mwisho akatupokea mwanamke wa makamo, Dorosela, ambaye lafudhi yake ilinijulisha kwamba ni wa kwetu Ludewa. Sikuitumia. Sikutaka undugu wa aina yoyote tena katika jambo hili.

Alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza akasema, "Unajua kwamba nyumba yako ndiyo ya kwanza itakayofutwa? Umekuja kujishtaki."

"Ifutwe."

"Na watoto wako wana kituo kizuri."

"Najua ni kizuri. Ndicho kinachonichefua. Kitu kizuri namna ile, na tumekiingia kwa mguu wa mtoto huyu."

Rebeka alipoulizwa anataka nini alijibu, "Baba mdogo asinipigie simu tena." Dorosela ndipo akachukua kalamu.

27 Juni

Jofrey amekuja kuchukua nguo zake. Siku tatu alikuwa kwa mwenyekiti, wanashauriana.

"Umeniaibisha mbele ya Mzee Ebeneza," akasema.

"Na mtoto?"

Alikuwa ameinama anatafuta kiatu chini ya kitanda. Akainua kichwa, na sura yake ilikuwa ya kuuliza kweli. Haikuwa ya ubishi wala ya dharau.

"Mtoto gani?"

Nikamtafutia kiatu mwenyewe, ili aondoke haraka.

4 Julai

Ruzuku imesimamishwa mtaa mzima mpaka uchunguzi uishe. Hata kwa wenye watoto watatu wa kuzaa. Sasa ndiyo naonekana mkosaji. Bombani nikifika wanasogeza ndoo zao. Mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Mwanamke huyu alikaa na Brightness kabla yangu, nimeambiwa. Alimpa jina la Tumaini.

Pacha wamerudi kwa Mama Getruda. Leo aliwapokea kwa uso uliofungwa. "Mimi sina mtoto mdogo, hayanihusu," akasema. "Lakini ungenyamaza, Mama Denis. Sote tulijua, tukanyamaza. Ulikuwa unajiona nani?"

Sote tulijua. Mwanamke niliyemwachia wanangu! Na Mzee Ebeneza amesimamishwa lakini jana alipita na koti lake, wakamwamkia mpaka watu wazima.

Gideoni, nasikia, amehamishiwa mradi wa maji.

8 Julai

Rebeka amekuja na mtoto na sanduku moja. Kule Kifanya ndugu walikuwa wanamshinikiza aseme alimtoa mtoto mwenyewe. Nikamwambia chumba kipo, Jofrey ameacha nafasi. Brightness alikojoa kitandani usiku, na asubuhi mama yake akaomba radhi. Nikamwambia anifundishe kufua magodoro kwa mtindo wa Kibena. Akacheka. Ana pengo.

Msimamizi wa kiwanda amekubali tugawane: mimi zamu ya asubuhi, Rebeka ya mchana. Anayebaki analea wote watatu.

15 Julai

Dorosela amekuja mwenyewe na orodha mpya. Hakufunika pua, alikaa kwenye kiti, alikunywa chai. Akawakuta watatu kwenye mkeka, chini ya miaka mitano wote, nyumba moja, sufuria moja, mama wawili wanaofanya kazi.

"Kanuni inasema watoto wa mzazi mmoja au walezi waliosajiliwa," akasema, na nilimwona anaona aibu. "Huyu ana mama yake, na nyie hamna undugu. Siwezi kuwaingiza."

"Tulipodanganya tulifaa," nikasema.

"Najua."

"Mtoto yule yule."

"Najua, dada. Nitaandika maoni." Akamaliza chai. Nilitaka kumchukia lakini nguvu ya kuchukia nimeitumia kwa watu wengi mno msimu huu, na huyu alinisikiliza.

20 Julai

Jumapili. Umande ulikuwa mweupe juu ya majani mpaka jua la saa tatu. Tulikuwa hatujaenda kanisani. Rebeka alikuwa na beseni la maji ya chumvi, anataka kubadilisha bandeji. Kidonda kinajifunga lakini pembeni bado kinatoa maji.

Mzee Ebeneza akapiga hodi. Koti, kofia mkononi, mfuko wa sukari.

Rebeka alipiga goti akamwamkia. "Shikamoo, baba mdogo." Nilisema moyoni, basi, damu imerudi kwa damu, na mimi nitabaki mjinga wa hadithi hii.

Mzee alikaa. Alitaka kujua hali ya mashamba ya Kifanya. Kisha akalifikia jambo lililomleta. "Mwanangu, kamati ya uchunguzi inakaa Jumatano. Ukiwaambia tu kwamba mtoto ulimtoa kwa ndugu, kama desturi yetu, ndugu kumlelea ndugu, jambo linaisha. Mambo ya familia hayapelekwi maofisini. Na mguu, mtoto kucheza na moto ni kawaida."

"Ni kweli, baba mdogo," Rebeka akasema. "Mambo ya familia tuyamalize sisi."

Akambeba Brightness, akamkalisha kwenye mapaja ya mzee. Akauweka mguu juu ya goti lake, kwenye suruali ya kanisani, akasogeza beseni, akampa pamba.

"Mfungue wewe. Nesi amesema taratibu, pamba ikikauka inavuta ngozi."

"Rebeka..."

"Wewe ni babu yake. Ndugu kumlelea ndugu."

Nadhani mzee alifikiri ni adhabu ndogo, akiivumilia ataondoka na neno lake. Akaanza kufungua. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulikuwa na rangi. Ulipofika wa mwisho ukashika, mtoto akavuta pumzi kwa meno lakini hakulia, na ile harufu ikatoka, kidogo tu, sisi tumeshaizoea. Mzee Ebeneza aligeuza uso. Mabega yake yakaruka. Akaziba mdomo kwa kofia, akatoa sauti ya mtu anayetaka kutapika, machozi yakamtoka.

Brightness akamwangalia kwa huruma, akamshika mkono wa koti.

"Pole, babu," akasema.

Sijui ni kipi kilichomwinua, harufu au ile pole. Alimweka mtoto kwenye kiti, akatoka bila kuvaa kofia, akapita katikati ya mtaa wake kichwa wazi kwenye baridi, na hakumwitikia mtu.

Rebeka akaokota pamba, akamalizia kidonda. Bandeji nilimfungia mimi. Jumatano tutakwenda wote kwenye kamati, tumeshaomba ruhusa kazini.

Mfuko wa sukari aliusahau. Tumepikia chai, na watoto wamekunywa mara mbili.